Siku watangazaji wa Jamvi la Jumamosi walipotua Hanang, mimi nikiwa dereva wa kombaini

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa wote shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Nimesoma ule uzi wa kuulizana nani mtangazaji mkali wa mjini. Nimefika hadi comment ya mwisho na nimecheka sana. Mmetaja vijana wa asubuhi, mmetaja wa michezo, kuna mmoja kamtaja jamaa ambaye kazi yake ni kupiga kelele kuanzia saa kumi na mbili mpaka watu wafike kazini.

Sasa kaeni vizuri. Mimi nina watangazaji wangu wawili, na hawa hawakunifurahisha tu. Hawa ndio sababu nina mke.

Sitatia chumvi. Shahidi wangu yupo chumba cha pili anapepeta mchele, na nikikosea tu atakuja hapa kunisahihisha.

Basi twende.

Ilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang. Mliozaliwa juzi hamuwezi kuelewa. Ngano ilianza hapa ikaenda mpaka macho yanachoka, na mlima Hanang umekaa pembeni na kofia yake ya mawingu. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unapita katikati ya makoti mawili.

Mimi ni Mwiraqw wa Tumati, upande wa Mbulu. Nyumbani ni watu wa jembe, ng'ombe wachache na kanisa Jumapili. Nilipomaliza shule nikapata kazi shambani kama msaidizi wa karakana, nikapaka grisi weee, mpaka siku moja nikapewa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano.

Wakuu, kuendesha kombaini wakati ule! Nilikuwa najiona rubani. Nikirudi Tumati wazee walinipisha kiti, halafu wananikumbusha niwasalimie kwanza kabla sijakikalia.

Sasa redio.

Redio ya nchi nzima ilikuwa moja tu, inatoka Dar. Hakukuwa na kuchagua. Lakini Jumamosi saa kumi jioni kilikuwepo kipindi kinaitwa Jamvi la Jumamosi, na kilipoanza kambi nzima ilitulia. Mafundi waliweka spana chini. Hata msimamizi wetu, mtu asiyejua kucheka, alikuwa anasogeza kiti dirishani.

Watangazaji walikuwa wawili. Wa kwanza tulimwita Bwana Ngurumo. Sauti nzito, ya taratibu, kila neno limekaa mahali pake. Akisema "ndugu wasikilizaji" unajikuta umenyoosha mgongo.

Wa pili ni Bi Tatu. Huyu sauti yake nyembamba, kali, ya haraka, na kicheko juu. Kazi yake ilikuwa moja: kumkatiza Ngurumo. Ngurumo akisema baba ana haki, Bi Tatu anadakia, "Haki gani? Umemuuliza mama?"

Walikuwa wanachukua ugomvi wa wasikilizaji, wanauweka jamvini na kuujadili. Mbuzi kala mahindi ya jirani. Mkwe kahamia kwa mkwewe na hataki kuondoka. Binti kakataa mume. Nusu saa ya kubishana, na wiki nzima tunaendeleza sisi wenyewe.

Kambi yote tulikuwa na uhakika na jambo moja. Ngurumo ni mzee wa miaka sabini, mwenye mvi, wake na wajukuu. Bi Tatu ni binti mdogo aliyetoka shule juzi, hana adabu, na bahati yake mzee anamvumilia.

Hakuna aliyetuambia hivyo. Tulisikia sauti tukamaliza kila kitu wenyewe.

Sasa nje ya shamba, upande wa Gehandu, alikuwepo mfugaji mmoja, Mbarbaig, anaitwa Mzee Gidarya. Ng'ombe wengi, wake watatu, na redio ya betri, zile za mkulima, iliyomgharimu dume zima. Aliitundika kwenye nguzo ya zizi. Kiswahili alikijua cha mnadani, na pale kilipomshinda alikuwa na mkalimani wake, binti yake Udareka.

Udareka alikuwa amemaliza darasa la saba. Mrefu, mcheshi wa chini chini, anakuangalia usoni halafu anaangalia pembeni kama hujasema kitu cha maana. Nilimfahamu kwa sababu ya betri.

Betri zilikuwa adimu kuliko sukari. Watu walizianika juani ili zipate nguvu kidogo, wengine walizichemsha. Duka la shamba lilikuwa likipata, na dereva alikuwa na mgao wake. Udareka alikuja kambini kuuza maziwa, akauliza nani ana betri. Nikasema mimi. Hata kama ningekuwa sina ningesema mimi.

Basi nikawa napeleka betri. Na ukipeleka betri Jumamosi saa tisa, ni adabu mbaya kuondoka kabla ya kipindi.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Gidarya akisikiliza redio. Wakuu, hamjaona kitu!

Ngurumo akiongea, mzee anatikisa kichwa taratibu, anatoa sauti ya kukubali kooni. Bi Tatu akidakia, mzee anainuka! Anaisogelea ile nguzo na fimbo yake.

"Wewe binti, mwache mzee amalize!"

Bi Tatu hamsikii, anaendelea. Mzee anamjibu. Anampa hoja moja, mbili, anamuuliza swali na kungoja. Udareka anatafsiri pale Kiswahili kilipokuwa kigumu, na mimi niliyesikia vizuri nikagundua kwamba anaongeza chumvi. Bi Tatu kasema "tumuulize binti," Udareka anatafsiri kitu kirefu kuliko hicho, na mzee anawaka upya.

Nilipomuuliza akasema, "Anafurahi akigombana. Nampa kuni tu."

Mnaelewa kwa nini nilitaka kumuoa.

Baba yangu alituma wazee kutoka Tumati kwenda kuomba. Walipanda, walishuka, wakafika na heshima zote. Mzee Gidarya aliwasikiliza wamesimama, hakuwapa hata maziwa, akawaambia njia ya kurudi ni ile ile. Walituma tena. Yakawa yale yale.

Sababu hakuisema, lakini tuliijua. Watu wetu na watu wake wana historia ndefu tu ya kuchukuliana ng'ombe. Na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ile mashine. Malisho yake yalikuwa pale pale penye ngano. Ng'ombe wake wakivuka mpaka, walinzi wanawakamata.

Halafu ikaja habari mbaya zaidi. Mzee alikuwa ameamua kuhama. Mavuno yakiisha anashuka na mifugo yote bonde la Yaeda Chini, kule hakuna ngano wala walinzi, wala barabara ya maana. Na Udareka anaenda naye. Kule kuna mtu ameshamtaja kumuoa.

Nilienda mwenyewe. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwamkia, nikasema shida yangu.

Akaniangalia, akacheka, akanyoosha fimbo kwenye redio.

"Leta yule mzee aje kukusemea. Yule akisema, mimi nasikia."

Yaani Ngurumo. Alikuwa ananifukuza kwa njia ya utani. Ni sawa na kukuambia nenda kalete mwezi.

Wakuu, haikupita muda, msimamizi akatuita mbele ya karakana. Akasoma ujumbe uliotoka makao makuu. Watangazaji wa Jamvi la Jumamosi wanakuja Hanang kurekodi kipindi wakati wa mavuno!

Niliruka. Sina namna nyingine ya kusema. Mtu mzima, dereva, niliruka juu pale pale na kofia ikaanguka kwenye ndoo ya oili chafu.

Nilienda Gehandu mbio kama nafukuzwa. Mzee aliponisikia hakucheka tena. Akashika kidevu. Lile neno lake, kwamba Ngurumo akisema atasikia, alikuwa amelitoa mbele ya wake zake na majirani wawili. Kwa watu wale hilo ni jambo zito.

"Kweli anakuja?"

"Kweli, mzee."

"Basi mgeni kama yule hapewi maji."

Akaagiza pombe ya asali itengenezwe. Hapa nieleze kidogo. Pombe ya asali kwa Wabarbaig ni ya wazee. Inapikwa kwa siku nyingi, inakaa kwenye kibuyu kikubwa, na kijana ambaye hajaoa hata harufu yake anaisikia akiwa nje. Mzee alimwandalia Ngurumo kama anavyomwandalia mzee wa rika lake.

Kambini nako tulikuwa wendawazimu. Tulifagia njia. Tulipaka mawe chokaa. Fundi mkuu alinyoa ndevu alizokuwa nazo tangu nimjue.

Siku ikafika. Gari likaonekana mbali kwa vumbi lake, Landrova ya kijivu. Wazee walikuwa wamepanga mstari, wa Kiiraqw na makoti yao, wa Kibarbaig na mashuka yao, Mzee Gidarya mbele ya wote. Mimi nyuma yake.

Gari likasimama. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mzee mwenye mvi, mrefu, amevaa koti.

Watu wote wakamwelekea. Mzee Gidarya akampokea kwa mikono miwili. Wazee wadogo wakamwinamia, shikamoo, shikamoo. Yule bwana alikuwa anaitikia kwa aibu huku anaangalia nyuma. Mwisho akasema, kwa sauti ya mafua, "Jamani, mimi dereva."

Mzee Gidarya akamwachia mikono.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka kijana mwembamba, suruali pana, shati la maua, ndevu ndiyo kwanza zinaomba kibali. Akainama mbele ya wazee, akafungua mdomo.

"Shikamooni, wazee wangu."

NI YEYE! Ile sauti! Ngurumo yote ikitoka kwenye kile kifua cha kifaranga! Watu walirudi nyuma hatua nzima. Fundi mkuu aliangalia chini ya gari kama kuna mtu mwingine.

Na kabla hatujapumua, akashuka mama. Mnene, ametulia, kanga mbili, nywele nyeupe zinachungulia, miwani imefungwa kwa uzi. Bibi kabisa. Akatazama ule mstari wa wanaume wenye midomo wazi, akacheka, na kile kicheko kila mtu alikijua.

"Kumekucha! Mbona mnatuangalia hivyo, wanangu? Au tumekosea shamba?"

Bi Tatu.

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa naangalia mgongo wa Mzee Gidarya. Kwa miaka alikuwa akimsikiliza kijana ambaye hajaoa na kumwita mzee. Na bibi wa kupewa shikamoo alikuwa akimwita binti na kumtishia fimbo.

Akageuka. Akaniambia polepole, wote wanasikia.

"Mimi nilisema lete mzee. Wewe umeleta mtoto."

Akaondoka. Watu wake wakamfuata. Udareka aligeuka mara moja, halafu naye akaenda.

Sikumbuki walirekodi nini mchana ule. Najua msimamizi alihutubia kuhusu magunia na mafundi wakaimba. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya kombaini yangu. Nilikuwa nimekwisha.

Bi Tatu ndiye aliyenifuata. Mafundi walishamsimulia kila kitu, maana kambi haina siri. Akasimama chini ya ngazi na miwani yake.

"Wewe ndiye mchumba?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa huyo mkweo hunigombeza kila Jumamosi."

Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nikasema ni kweli, bibi, msamehe.

"Nimsamehe nini? Miaka yote nazungumza na ukuta wa studio. Kumbe kuna mtu ananijibu! Nipeleke."

Tulienda, yeye, Ngurumo na mashine yao ya kurekodi begani, na mimi.

Tulipofika Bi Tatu hakwenda zizini kwa mzee. Aliingia kwa mke mkubwa kwanza, akaamkiana naye, akapewa maziwa ya kibuyu yale yenye harufu ya moshi. Akayanywa yote, akafuta mdomo, akauliza habari za watoto na ng'ombe. Wale wake watatu walipotambua ile sauti walimshika mikono wakawa hawataki kumwachia.

Ndipo akatoka nje. Mzee alikuwa amekaa chini ya ile nguzo, ametupa mgongo. Ngurumo hakusogea. Alikaa pembeni pale wanapokaa vijana, mashine mapajani. Nilimheshimu.

Bi Tatu akasema, "Mzee Gidarya, nimekuja nimalize lile la binti aliyekataa mume. Ulikuwa unasemaje?"

Mzee hakugeuka.

"Nilisema," akasema mwisho, "binti hajui ng'ombe. Baba anajua ng'ombe."

"Anaolewa na ng'ombe?"

Mzee akageuka! "Wewe mama, kila Jumamosi unakata mzee maneno!"

"Na leo hakuna mzee, kuna mimi na wewe. Sema nikusikie."

Wakuu, ilikuwa ni Jamvi la Jumamosi, live, ndani ya zizi, ng'ombe wakisikiliza. Mzee anatoa hoja, mama anairudisha. Mzee anasimama, mama anasimama. Mzee akamwambia, wewe ulisema siku ile baba wa binti ni punda. Bi Tatu akashangaa, "Mimi? Sijasema hivyo maishani!" Udareka akaanza kuangalia ndama kwa umakini mkubwa sana.

Na mzee alikuwa anafurahi. Niliona. Alikuwa anangojea siku hiyo kwa miaka bila kujua. Ngurumo alikuwa akimkubali tu. Huyu mama ndiye aliyekuwa anaongea naye.

Kisha Bi Tatu akashusha sauti.

"Sasa niambie la kweli. Huyu kijana umemkatalia nini?"

Mzee akakaa. Akachora chini na fimbo.

"Baba yangu amelala ndani ya ile ngano," akasema. "Tuta lake liko katikati. Tangu walime sijafika. Mtu wa shuka akionekana mle, walinzi wanasema ameingiza ng'ombe." Akaninyooshea fimbo. "Huyu anapita pale na mashine yake. Kila mwaka."

Sikuwa najua. Naapa kwa Mungu, nilikuwa nalijua lile tuta, lipo kwenye eneo langu, lakini siku zote nilidhani ni kichuguu cha mchwa. Limekaa peke yake, nyasi juu, ngano pande zote.

Bi Tatu akanigeukia. "Wewe ukifika pale unafanyaje?"

"Nazunguka."

"Kwa nini unazunguka?"

Wakuu, hapo ndipo maisha yangu yaliposimama. Ngurumo alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiambia jibu. Sema kwa heshima. Neno moja tu, heshima, na mambo yanaisha. Mzee alikuwa ameinua uso. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema.

Udareka alikuwa ananiangalia, na safari hii hakuangalia pembeni.

"Naogopa kuvunja visu," nikasema. "Nilidhani ni kichuguu. Visu vya kombaini vikigonga udongo mgumu vinavunjika, na msimamizi ananitukana. Sikujua ni baba yako, mzee. Ningejua ningeshuka."

Nikajua nimeharibu. Nikaanza kuona Yaeda Chini, vumbi la ng'ombe, na Udareka nyuma yao.

Mzee Gidarya akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, na wake zake wakatoka kuona kuna nini.

"Visu," anasema. "Visu!"

Kisha akafuta macho na kuongea taratibu. "Wote wa shamba lile wakija hapa wanasema tunaheshimu, tunaheshimu. Huyu anasema naogopa visu. Huyu nimemsikia."

Bi Tatu akamgeukia Udareka. "Na wewe binti, unasemaje?"

Udareka akasema, "Mimi nimechoka kutafsiri. Nataka nyumba yangu nijibu mwenyewe."



Kesho yake eneo langu ndilo lilikuwa linaanza kuvunwa. Bi Tatu alimwendea msimamizi, kinasa sauti kinazunguka, akamwambia kuna mzee anaomba kufika kwenye kaburi la baba yake, bwana msimamizi unasemaje, wasikilizaji wanakusikia. Yule bwana alikohoa, akafunga kifungo cha shati, akasema shamba halina pingamizi lolote na wazee.

Nilimpandisha Mzee Gidarya kwenye kombaini. Alisimama ubavuni mwangu, kashika chuma, shuka linapepea, makapi yanaturukia usoni. Nikakata njia moja iliyonyooka katikati ya ngano mpaka kwenye tuta. Nyuma, kwenye njia ile mpya, walikuja wake zake, Udareka, majirani, Bi Tatu kajifunga kanga kichwani kwa vumbi, na Ngurumo amebeba mashine.

Nikazima injini. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile katika shamba lile.

Pombe ya asali iliyokosa mgeni ilikuja na kibuyu chake. Mzee akaimimina taratibu pale kwenye tuta na kuanza kuongea kwa lugha yao. Aliongea sana. Alikuwa na miaka mingi ya habari.

Bi Tatu akamnong'oneza Udareka, anasema nini? Udareka akajibu, "Hayo si ya redio, bibi." Na Ngurumo, bila kuambiwa na mtu, akazima mashine. Yule kijana alikuwa mtangazaji, wakuu. Kuna watu leo wana maiki za gharama na hawajui lini wazizime.

Tuliporudi mzee alishuka kwenye ngazi, akajifuta makapi, akaniambia bila kunitazama.

"Waambie wazee wa Tumati waje tena. Safari hii waje na njaa."

Nililia. Nasema wazi, nililia mbele ya mafundi wote, na fundi mkuu aliyenyoa ndevu naye alilia.

Tulioana. Wazee wa Tumati walikula mpaka wakalala pale pale.

Mzee alihama kweli, maana malisho hayakurudi. Alishuka Yaeda Chini na ng'ombe zake na redio yake, na mimi nikawa natuma betri kwa kila aliyekuwa anashuka huko.

Lakini kuna kitu kilibadilika kwenye kipindi. Tangu safari ile, Bi Tatu akimaliza kutoa hoja yake kali alinyamaza. Kidogo tu, pumzi mbili tatu, redio kimya. Wasikilizaji walidhani mitambo ina shida. Siku moja Ngurumo akamuuliza hewani, "Bi Tatu, mbona siku hizi unatuachia kimya?"

Akasema, "Nampisha mzee mmoja anijibu."

Sisi wawili tulikuwa kambini kwenye nyumba yetu ya bati. Udareka aliweka sufuria chini. Tulijua kwamba bondeni huko, wakati huo huo, kuna mtu kasimama mbele ya nguzo na fimbo yake, anajibu.

Miaka ilienda. Mzee alipofariki nilipeleka habari Dar kwa simu ya ofisi ya shamba, sikujua kama zitafika.

Jumamosi ile Bi Tatu alitoa hoja yake kama kawaida, akanyamaza. Kimya kikaendelea. Kikazidi. Mpaka Ngurumo, kwa ile sauti yake, akamuuliza polepole, "Leo hajibu?"

"Leo neno la mwisho ni lake," akasema Bi Tatu. Akapisha wimbo.

Basi wakuu, funzo langu ni hili. Mnabishana nani ana sauti nzuri, nani ana mada kali, nani anachekesha. Mimi naona mtangazaji wako wa kweli ni yule unayemjibu ukiwa peke yako jikoni, na anaongea kama mtu anayejua unamjibu. Huyo mshike. Sauti isikudanganye ukadhani umeshamjua mtu. Na ukiulizwa swali mbele ya baba wa binti, taja visu.

Tupieni hapa chini: wewe nani unamjibu? Na mliokuwa mashambani Hanang miaka ile jitokezeni, najua mpo humu mnasoma kimya kimya.

Naishia hapa, maana mama watoto kaacha mchele, kawasha redio, na ameshaanza kumwambia mtangazaji kwamba amekosea.